Kanda Iliyopoteza Sifuri

Jumamosi, 2 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: napenda ujumbe wa makosa. Ule unaojitokeza kwenye kompyuta ukikosea. Wenzangu darasani huufunga haraka kama watu waliofumaniwa, mimi huusoma hadi nukta ya mwisho. Mtu akikukasirikia anaweza kununa wiki nzima na usijue umemkosea nini. Kompyuta inakwambia palepale, kisha haikuwekei kinyongo. Nimeona nianze shajara na hili, ili mengine yasinitie haya.

Leo nimekutana na ujumbe mpya. Mama Mdogo ni mtangazaji wa redio, na amechoka kunisikia nikilalamika kwamba vitabu vya maktaba ya shule vimeniishia. Akanichukua kwenda kazini kwake. Redio yenyewe ni vyumba vinne juu ya duka la rangi, na ngazi zake zinanuka tapentaini. Chumba cha mwisho ni cha kanda: rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, kaseti za tangu kabla sijazaliwa, na kompyuta moja yenye kumbukumbu za zote. Kila kanda ina namba, kichwa cha habari na maelezo mafupi. Ukiandika namba kwenye kisanduku cha kutafutia, inakuletea kanda. Ukiandika neno, hata liwe dogo kiasi gani, inagoma: aina ya data hailingani.

Mama Mdogo anasema imekuwa hivyo tangu programu ilipoletwa, na kijana aliyeitengeneza alishahama mji. Kwa hiyo anayetaka kanda lazima awe anaijua namba yake. Nikamuuliza, sasa mtu anayeijua namba anatafuta nini tena? Akacheka sana, akaniambia nikaseme hivyo hivyo mbele ya mkurugenzi. Sikwenda.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Viatu vya shule vimelala juu ya jiko na bado vina maji.

Alhamisi, 7 Machi

Mama alimpeleka Bibi kwa daktari wa masikio. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linafuata. Daktari alisema kifaa cha kuvaa kitaongeza ukubwa wa sauti tu, hakitafufua kilichokufa ndani. Hakutaja siku, lakini kwa kasi anayoiona, mvua hizi zikikatika huenda Bibi atakuwa anasikia mlio wa watu bila maneno yao.

Mezani hakuna aliyejua pa kuanzia. Bibi mwenyewe ndiye aliyeanza. Alisema mwenye umbea aulete mapema. Tukacheka, naye akasema kuna kitu kimoja tu angependa kukisikia kabla ya hapo.

Babu, ambaye sikumkuta, alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa barazani, mbele ya duka la viatu. Siku moja watu wa redio walimwendea wakamhoji. Siku hiyohiyo Bibi alikuwa hospitali anajifungua Mama Mdogo, na kipindi kilirushwa akiwa bado wodini, kwa hiyo hakukisikia. Babu alimwambia tu kwamba alimtaja. Bibi akamuuliza alimtajaje, akajibiwa, "Ungesikiliza." Ikawa mzaha wao wa maisha. Na kila walipogombana, Bibi naye alikuwa na lake: mimi nalia kwa uchungu, wewe uko kazini unapiga soga na redio. Babu akafa bila kusema alichokisema.

"Nilijua ipo siku nitamkamua," Bibi akasema, "kumbe ipo siku anaondoka."

Mama Mdogo aliacha kula. Redio yenyewe ni hii anayofanyia kazi. Ile kanda, kama ipo, iko kwenye zile rafu, na hakuna anayejua namba yake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeomba niwe nakwenda kila Jumamosi. Mkurugenzi alikubali bila kuinua macho, akisema siwezi kuiharibu zaidi ya ilivyo.

Watu wa huko ni wachache. Kuna Fundi, anayelea mtambo wa kurushia matangazo na mashine moja ya kaseti iliyobaki nzima. Ananiita Profesa na kila nikipita anasimama kunipigia saluti na bisibisi. Sipendi, lakini nadhani hana nia mbaya. Na kuna Dada wa Mapokezi, mwenye kucha ndefu na vidole vyepesi vya kuchapa, ambaye ndiye aliyeingiza kumbukumbu zote kwenye kompyuta, neno kwa neno, kutoka kwenye vikaratasi vilivyokuwa ndani ya makasha. Hivyo vikaratasi vilikuwa vimeliwa na mende nusu nusu, na sasa havipo. Anaogopa kwamba nimekuja kutafuta makosa yake. Mimi pia namwogopa, kwa hiyo tunasalimiana kwa heshima sana.

Leo nimeelewa kwa nini inagoma. Kichwa cha habari ni maandishi. Maelezo ni maandishi. Lakini safu ya namba ya kanda imewekwa kuwa namba. Na kile kisanduku cha kutafutia hupeleka neno lako kwenye safu zote tatu kwa mpigo. Ukiandika "saa", kinauliza: kuna kichwa chenye saa? Kuna maelezo yenye saa? Kuna namba iliyo sawa na saa? Hapo kompyuta inatupa kalamu chini. Neno na namba haviwezi kupimwa kwenye mzani mmoja, na badala ya kuruka swali hilo la tatu, inaacha kazi yote.

Nimeipenda kidogo kwa hilo. Haitaki kudanganya.

Jumapili, 10 Machi

Mvua tangu asubuhi. Bibi anaongeza sauti ya redio, Mama anapunguza, Bibi anaongeza.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeaibika. Nilifikiri: kama shida ni neno kukutana na namba, basi nitaligeuza neno liwe namba. Kuna amri ya kufanya hivyo, niliikuta kwenye kitabu cha programu kisicho na jalada. Nikaiweka, ujumbe wa makosa ukatoweka, nikamwita Mama Mdogo kwa mbwembwe. Akaandika "mvua". Zikaja harusi nne, mechi ya mpira na mahubiri.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Imenichukua muda kujua kilichotokea: kwa ile amri, neno lolote lisilo na tarakimu ni sifuri. Mvua ni sifuri, upendo ni sifuri, jina la mama yako ni sifuri. Basi ikaleta kanda zote zilizoingizwa bila namba. Nimeirudisha ilivyokuwa. Afadhali inayogoma kuliko inayokubali kila kitu.

Jumanne, 19 Machi

Nilimsubiri mwalimu wa kompyuta nje ya ofisi ya walimu na swali langu limeandikwa kwenye karatasi, maana nikisimama mbele yake maneno hunipotea. Alisoma, akatabasamu, akaniuliza swali moja tu: kati ya neno na namba, nani anaweza kujifanya mwenzake bila kupoteza kitu?

Nimelifikiria njia nzima, nikapita nyumbani kwetu nikaenda mbele nyumba tatu.

Jumamosi, 23 Machi

Namba ndiyo inayoweza. 312 ikiandikwa kama maandishi bado inasomeka 312, lakini neno likigeuzwa namba halibaki kitu. Kwa hiyo sasa, kabla ya kulinganisha, naiambia kompyuta iivalishe ile namba nguo za maandishi. Mstari mmoja. Nikaandika "mvua" na zikaja kanda za mvua: mafuriko, kilimo, wimbo wa watoto. Dada wa Mapokezi alitoka kwenye kiti chake kuja kuangalia. Akaandika "mshonaji", ikaja. Akaandika "simba", ikaja. Akaniwekea mkono begani.

Ndipo nikaandika "fundi saa".

Ilikuja moja. "Fundi saa aeleza kazi yake, barazani kwake." Kanda 312.

Ilikuwepo kwenye rafu, mahali pake, kasha safi lenye namba juu yake na kingine hakuna. Fundi alitaka tuisikilize papo hapo. Nilikataa. Nilisema wa kwanza kuisikia awe Bibi, na kwa mara ya kwanza nilisema jambo mbele ya watu wazima bila kutetemeka, wakanikubalia. Nikakimbia nyumbani kwenye matope. Bibi alinifanya nirudie mara tatu, nadhani ya tatu ilikuwa kwa raha tu.

Jumatatu, 25 Machi

Bibi amepiga pasi gauni la bluu. Jumamosi bado iko mbali.

Jumamosi, 30 Machi

Nataka kuandika hii polepole, kwa mpangilio.

Tulimpandisha Bibi ngazi, Mama Mdogo upande huu, mimi upande ule, mvua ikipiga bati hata sisi tunasikilizana kwa shida. Alikuwa amevaa gauni la bluu na hereni. Fundi alikuwa amefuta mashine vumbi, ameweka kiti chenye mto. Mama hakuweza kuja, alikuwa na zamu. Bibi akainamisha sikio la kulia karibu kabisa na spika, akafumba macho. Fundi akabonyeza.

Sauti ya mwanamume ikatoka, nzito na safi. Akawakaribisha wasikilizaji. Akasema leo ataeleza namna ya kufukia madimbwi ili mbu wasizaliane.

Alikuwa bwana afya.

Nilimtazama Mama Mdogo. Mama Mdogo alimtazama Fundi. Fundi alinyoosha kidole kuzima, na hapo Bibi akafumbua macho, akatabasamu, akasema kwa sauti ya juu, kama wanavyosema watu wasiojisikia wenyewe:

"Amekuwa na sauti nzito. Redio inamkuza mtu."

Fundi akarudisha mkono. Akageukia dirishani na kukaa hivyo. Bwana afya akaendelea na makopo matupu na vifuu. Bibi alisikiliza yote hadi mwisho, mkono juu ya mashine kama mtu anayempapasa paka. Ilipokwisha alimuuliza Mama Mdogo, kwa kuwa maneno hakuyapata vizuri, Babu amesema nini juu yake.

Nilifungua mdomo. Mama Mdogo akanitangulia. Akaweka sauti ile ya kazini, akainama kwenye sikio la mama yake.

"Amesema ameshika saa nyingi maishani, lakini wewe ndiye uliyempa wakati."

Alisema vizuri sana. Kama nisingesikia habari za mbu ningeamini.

Bibi akauliza, "Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema, Mama."

Bibi akamshukuru Fundi, akamshukuru Dada wa Mapokezi, akanishika kidevu akasema nimefanya kazi kubwa. Tukamteremsha ngazi.

Nilipobaki na Mama Mdogo chini ya kibaraza cha duka la rangi, Bibi akiwa ameshaingia kwenye teksi, nilimwambia hatuwezi kuacha hivi. Aliniuliza kama sikumwona alivyotabasamu. Nikasema nilimwona. Akasema basi, nimwache atabasamu, masikio yanakwisha na kanda yenyewe huenda ilifutwa zamani. Nikamwambia yeye ni mwongo. Sijawahi kumwambia mtu mzima neno kama hilo. Hakunipiga wala hakunikaripia. Alifungua mwavuli akasema, "Twende, utalowa."

Jumapili, 31 Machi

Nilidhani leo sitaandika, lakini lazima.

Nilikuwa namchambulia Bibi mchele. Alinitazama kwa muda halafu akaniuliza kama nimekosa usingizi kwa sababu ya yule bwana wa jana. Nikajifanya sielewi. Akasema niache, kwani masikio yake ndiyo yanayoziba, akili haizibi.

"Babu yako alikuwa haanzi sentensi bila kukohoa," akasema. "Na kwake kulikuwa na saa za ukutani, haiwezekani umsikie yeye usizisikie. Pale jana palikuwa kimya kama ndani ya sanduku."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema Mama Mdogo alijitahidi sana kutunga, ingekuwa kumvunja moyo mbele ya wafanyakazi wenzake. Halafu akaanza kucheka mpaka ungo ukatikisika. Babu, alisema, hakujua vitu kama hivyo vya kupewa wakati. Siku anamposa alimwambia, "Nina chumba kimoja na kitanda, kama unaona sawa."

Akaniomba nisimwambie Mama Mdogo kwamba anajua. Nimeahidi. Sasa nyumba nzima tunatunziana siri, na kila mmoja anadhani anambebea mwenzake mzigo. Nilimwita Mama Mdogo mwongo. Jana usingeweza kunitoa kwenye neno hilo, leo silioni tena.

Jumatano, 3 Aprili

Ndani ya sanduku. Studio ina magodoro ukutani, ndiyo maana. Lakini maelezo ya ile kanda yanasema barazani kwake. Barazani hakuwezi kuwa kimya.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilimwomba Mama Mdogo radhi kabla sijavua koti. Alisema hakumbuki nilisema nini. Kisha akaongeza kwamba hata yeye hakupenda ladha ya ile sentensi mdomoni.

Badala ya kuandika neno, leo niliandika 312. Zikaja mbili. Bwana afya, madimbwi, studio. Fundi saa, barazani. Kanda mbili, namba moja. Nikapanga kumbukumbu zote kwa namba na nikaona zinakuja mapacha mapacha, kurasa kwa kurasa.

Nilimwendea Dada wa Mapokezi nikiwa nimejiandaa kuuliza kwa adabu yote ili asidhani namlaumu. Hakukasirika. Alisema ni zile zilizokuwa na sifuri mbele. Yeye aliandika 0312 kama ilivyokuwa kwenye kikaratasi, na kila akibonyeza kitufe cha kuingiza, sifuri inapotea. Akampigia yule kijana wa programu, naye akamwambia sifuri ya mbele haina kazi.

"Nikafikiri ndiyo adabu ya kompyuta," akasema. "Inapenda usafi."

Kijana hakukosea hesabu. Ukijumlisha au ukitoa, sifuri ya mbele kweli haina kazi. Lakini nani anajumlisha kanda? Hakuna atakayechukua kanda ya mbu akajumlisha na ya fundi saa. Namba isiyojumlishwa ni jina tu lililoandikwa kwa tarakimu, na ilitakiwa iwekwe kuwa maandishi tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeivalisha nguo za maandishi wakati wa kutafuta na nikaona nimemaliza, kumbe chini ya nguo alikuwa yule yule namba, ameshameza sifuri yake. Na hakuna amri ya kuitapisha.

Basi kanda zenye sifuri ziko wapi? Kwenye rafu hakuna hata moja. Dada wa Mapokezi hajui, yeye aliletewa vikaratasi tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Ziko kwa Fundi. Alikuwa amezikalia, kwa maana halisi. Kwenye chumba cha mtambo kuna makreti yaliyofunikwa turubai, na juu yake yeye hunywea chai. Alipoajiriwa aliyakuta hapo na hakuna aliyemwambia ni nini.

Tulisikiliza chache bila mpangilio. Ya kwanza: kuku, mtoto analia, mwanamke anaeleza kusuka vikapu. Ya pili: msumeno. Ya tatu: upepo tu, halafu mtu anauliza kama inarekodi. Hakuna hata moja iliyokuwa ya studio. Fundi na mimi tulitazamana. Waliorekodi zamani waliweka sifuri kwa kanda zilizotoka nje, mitaani kwa watu, na zisizo na sifuri ni za humu ndani. Herufi moja tu, na ndiyo iliyobeba barabara yote.

0312 ilikuwa kwenye kreti la chini. Maji ya mvua yameingia huko. Kasha limefanya ukungu mweupe, na utepe ndani umegandamana.

Fundi hakunipigia saluti leo. Alisema tukiicheza hivi itakatika, niache kwake.

Jumatano, 17 Aprili

Birika lilichemka hadi likakauka, Bibi akiwa amekaa pembeni yake. Mama alizima jiko, kisha akatoka nje akasimama mvuani.

Jumamosi, 20 Aprili

Fundi ameufungua utepe wote na anaufuta kwa pamba, kipande kwa kipande, kwa vidole vile vile vinavyokaza nati za mnara. Nilishika gurudumu la pili. Niliwahi kuandika humu kwamba nadhani hana nia mbaya. Naona nilikuwa bahili wa maneno.

Jumamosi, 27 Aprili

Bado. Kwa Bibi sasa tunaongea uso kwa uso, anatusoma midomo. Anasema mimi ndiye ninayesomeka, kwa kuwa huwa sina haraka.

Mvua imepungua. Natamani isipungue.

Jumamosi, 4 Mei

Safari hii Bibi hakuambiwa anakwenda kusikia nini. Mama aliomba ruhusa kazini na akaja. Bibi alipoiona mashine alituangalia mmoja mmoja, akakaa. Gauni lilikuwa la nyumbani.

Spika haitoshi tena. Fundi alimvisha hedifoni, akapandisha sauti hadi sisi sote tukawa tunasikia kutoka tulipo. Kwanza zikaja saa. Saa nyingi, kila moja na mwendo wake, na nyuma yake mtu anagonga soli ya kiatu. Mwandishi anauliza swali. Kisha kikohozi.

"Huyo," Bibi akasema.

Alishika kingo za meza na hakuziachia hadi mwisho. Mama alikuwa amefunika mdomo. Kanda ina mikwaruzo na pahali pamoja imemezwa kabisa, lakini mazungumzo yanafuatika. Ilipokwisha Bibi alivua hedifoni. Alisema amemsikia, ni yeye, kikohozi na kila kitu, ila maneno yamekuja kama yako chini ya maji. Mama Mdogo alisogea. Bibi akamzuia kwa mkono, taratibu, akanigeukia mimi.

"Niambie wewe. Kama alivyosema."

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake ili anione mdomo. Fundi akarudisha kanda, na kila sentensi ilipopita aliisimamisha, nikairudia.

Walimuuliza leo ametengeneza saa ngapi. Akakohoa, akasema hata moja. Wakamuuliza kwa nini.

"Mke wangu yuko hospitali, anajifungua," nikasema, kwa maneno yake. "Nilimfikisha, wakaniambia wanaume mkae nje. Nje kuna benchi. Nimekaa pale tangu alfajiri nikaona mikono inatetemeka. Nikaja huku niishikishe kitu. Hii saa nimeifungua na kuifunga, nimeifungua na kuifunga. Haina ubovu wowote."

Hapo wanacheka kwenye kanda, yeye na mwandishi. Halafu anasema, "Mkimaliza, narudi kwenye benchi." Na hayo ndiyo yote aliyosema juu yake.

Bibi aliniuliza, "Mikono ilikuwa inatetemeka?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Alisema mwenyewe?"

"Alisema mwenyewe, Bibi."

Akasema kumbe alikuwa pale nje. Akasema yeye amemnunia mtu kwa jambo hilo maisha mazima, na mtu mwenyewe akawa anajibu ungesikiliza, ungesikiliza, badala ya kufungua mdomo. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, sijui kipi kilitangulia.

Kisha alimwona Mama Mdogo, ambaye alikuwa amejibanza kwenye rafu na kulia kama mtoto, maana siku hiyo kwenye kanda ni siku yake ya kuzaliwa, na lile benchi lilikuwa kwa ajili yake pia. Bibi akamwita, akamlaza kichwa mapajani.

"Ile uliyonitungia ilikuwa nzuri," akamwambia. "Lakini si yake."

Mama Mdogo akainua kichwa, akanitazama. Nikasema sikumwambia mimi. Bibi akasema kweli, hakuambiwa na mtu.

Jumatano, 8 Mei

Asubuhi nilimsalimia Bibi kutoka mlangoni na hakugeuka. Nilizunguka nikasimama mbele yake nikamsalimia tena. Akaitika.

Jumamosi, 11 Mei

Jua. Nimebadilisha safu ya namba za kanda kuwa maandishi, baada ya kuweka nakala ya kila kitu pembeni. Haikulalamika. Kisha Fundi na mimi tulikaa sakafuni na makreti, Dada wa Mapokezi kwenye kompyuta: Fundi anasoma namba iliyo kwenye kasha, mimi naangalia mapacha ni nani wa nje na nani wa ndani, Dada anarudisha sifuri. Safari hii alibonyeza kitufe cha kuingiza, sifuri ikabaki. Akaitazama kidogo kabla ya kwenda kwenye inayofuata.

Baada ya 0312 kuna 0313: mshonaji wa magodoro, gereji ya zamani, na mke wake anaimba nyuma. Dada wa Mapokezi alisema mshonaji alishafariki, ila binti yake anauza madaftari karibu na posta. Mama Mdogo alijitolea kumpigia simu. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe.

Nilisafisha viatu, nikaandika namba ya kanda kwenye kiganja, nikateremka ngazi. Kwenye duka la madaftari kulikuwa na wateja wawili. Nilisubiri wakaondoka. Nikamwambia yule mama shikamoo, na kwamba tuna sauti ya baba yake.

Akaniambia niingie ndani, nikae.